Chaji Aliyoiacha Osniel

Hapa mjini kwetu Camagüey mtu akikuuzia betri na kukuapia kwa roho ya mama yake kwamba ni nzima, humjibu kitu. Unaibeba mpaka kwa Idelisa Roque. Anaiweka mezani, anaifunga nyaya nne, anaandika mistari mitatu kwenye kompyuta yake kuukuu, halafu anakwambia urudi kesho. Kesho yake anakupa namba: betri yako inashika umeme kiasi gani. Namba hizo zimevunja urafiki mwingi mtaani kwetu, na uchumba mmoja.

Mimi ni jirani yake ukuta kwa ukuta. Nilikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli, naye alikuwa mtunza maabara ya vipimo hukohuko. Kwa miaka thelathini nilimpelekea mita zangu azikague, na kwa miaka thelathini alinirudishia na kikaratasi: inazidisha, inapunguza, tupa. Hakunipendelea hata siku moja. Maabara ilipofungwa alirudi nyumbani na koti lake jeupe, na mpaka leo hapimi kitu bila kulivaa, hata kukiwa na joto la kumtoa mtu ngozi. Nimemtania sana kuhusu hilo koti. Huwa ananijibu kwamba mimi nilistaafu bila kurudi na chochote, hata tabia nzuri.

Mashine anayopimia ilitengenezwa na mwanawe, Osniel. Vitabuni ina jina refu, sisi tunaiita Mlafi, kwa kuwa kazi yake ni kula umeme. Unaiunganisha na betri, unaiamrisha kwa kompyuta: kula ampea tano, usizidi wala usipunguze, na betri ikishuka chini ya volti kadhaa, acha. Inatii. Kila sekunde kumi inaandika ilichokikuta, na kwenye kioo cha kompyuta mstari unajichora taratibu. Umeme wote unaoliwa unageuka joto, na feni mbili zinalipuliza nje kupitia bonge la alumini lenye mapezi, lililotoka kwenye injini ya treni iliyokufa. Lilitokaje karakana, nisiulizwe. Lilitoka chini ya kabichi zangu.

Nyaya ni nne kwa sababu mbili nene ndizo zinazobeba umeme, na mbili nyembamba zinapima tu. Hizo nyembamba Idelisa huzibana kwenye kichwa chenyewe cha betri, palepale penye boliti, si mahali pengine. Ukipima mbali, anasema, unapima uchovu wa waya halafu unaisingizia betri. Kila mteja huambiwa maneno hayo, atake asitake.

Na Mlafi unaweza kuufundisha kula kwa mtindo wowote. Wilber wa kona ya pili alipoleta betri ya pikipiki yake ya umeme, Idelisa alimuuliza njia anayopita kila siku, akaandika kilima cha darajani, akaandika taa za barabarani, akaandika uzito. Mlafi ukala sana, ukapumzika, ukala tena, jioni ukaandika. Wilber alikuja amevaa shati safi.

"Ukiwa peke yako inakufikisha," Idelisa akamwambia. "Ukimpakia mkeo inazima darajani."

"Kwa hiyo shida ni betri au ni mke wangu?"

"Mimi napima betri. Mkeo mpime mwenyewe, na uwe na roho ngumu."

Ndivyo alivyo. Lakini kulikuwa na betri moja ambayo hakuwahi kuipima, nayo ilikuwa chini ya kitanda cha mwanawe.

Osniel aliondoka miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya manyunyu, kwenda Montevideo, ambako sasa anatengeneza mifumo ya umeme ya mabasi na kulalamika baridi. Siku yake ya mwisho nyumbani hakuitumia kuaga watu. Aliitumia kumuundia mama yake betri: seli nne kubwa, mpya, alizozikusanya moja moja kwa mwaka mzima, akazifunga pamoja, akazijaribu kwa Mlafi, akazijaza tena mpaka juu. Alimaliza gari likiwa tayari mlangoni na dereva anapiga honi. Aliviringisha tepu nyeusi kwenye vichwa vyote viwili, nyaya mbili zikitokeza nje, na juu ya tepu akaandika kwa kalamu nyeupe: *Mama, usiguse.* Ubavuni akaandika tarehe, namba ya kipimo, ampea-saa 104, na herufi za jina lake, kama desturi yao ilivyo. Kisha akanyanyua begi, akamtania mama yake kuhusu koti, akatoka akipiga mluzi.

Nililibeba begi la pili mpaka kwenye gari, kwa hiyo niliona. Idelisa alisimama mlangoni mpaka gari lilipokata kona. Osniel hakugeuka nyuma hata mara moja.

"Hakugeuka," aliniambia jioni ile, na ameniambia tena labda mara mia. Huwa halii. Anasema hivyo kama mtu anayesoma namba kwenye karatasi.

Kila Jumapili Osniel hupiga simu. Mtandao ukiwa mzuri wanaongea dakika kumi, ukiwa mbaya wanasemeshana "unanisikia?" mpaka unakatika. Na kila Jumapili, miaka mitatu yote, kabla ya kuaga lazima aulize: "Mama, umeijaribu ile betri?" Naye anajibu: bado, mwanangu. Akishakata simu ananigongea ukutani nije ninywe kahawa, aanze kunung'unika.

"Haniulizi kama nimekula. Haniulizi kama mguu unaniuma. Betri. Kana kwamba amemwacha mtu wa kutunza ghala."

"Ni mhandisi huyo," nikamwambia. "Akikuuliza betri ndiyo anakuuliza habari."

"Basi nikuulize na wewe. Arcadio, umeyajaribu mabehewa?"

Umeme ukikatika, na kwetu unakatika zaidi ya unavyowaka, yeye hukaa uani kando ya mtungi wa maji ya mvua akijipepea kwa kipande cha boksi. Betri ya kuendesha feni yake siku nzima ipo, imelala chini ya kitanda, imefunikwa taulo la bluu la mwanawe. Niliona ni ujinga. Nilinyamaza, kwa kuwa ujinga wa jirani haunizuii kula.

Mpaka Hortensia alipolazwa.

Hortensia ni mke wangu. Mapafu yake yamechoka. Kuna mashine ndogo ya kumpa hewa, mpwa wake alimtumia kutoka Tampa, na nayo anapumua vizuri, anatukana vizuri, anacheza dhumna na kuniibia kete. Lakini mashine inataka umeme. Mara ya mwisho umeme ulipokatika kwa saa kumi na nane alifika hospitali midomo imekuwa ya zambarau, na hawakumwachia tena. Siku arobaini na tatu. Kila alasiri nilikwenda na viazi vitamu vya kuchemsha na kifuko cha kahawa, na kila asubuhi nilijikuta nimemimina vikombe viwili.

"Arcadio," aliniambia siku moja amenishika kola, "humu ndani kuna wanawake wanakoroma kukushinda wewe. Nitoe."

Nikaenda kwa daktari. Alikuwa kijana mpole, amechoka kuliko wagonjwa wake.

"Mzee, mimi simfungi mkeo," akasema. "Nipe saa sita. Umeme ukikatika, mashine yake iende saa sita kwa betri. Hapo hata kama petroli haipo tutakuwa tumepata gari la kumfuata. Lakini nataka karatasi yenye kipimo. Wote wanaapa hapa kwamba betri zao ni nzima."

Nilitafuta betri mji mzima. Nilimletea Idelisa tatu. Ya kwanza saa moja na nusu. Ya pili ilivimba tukiitazama. Ya tatu ilikuwa na gamba jipya na ndani seli za kompyuta za zamani, na Idelisa akanitazama kama nilivyostahili kutazamwa.

"Jirani," nikamwambia, "iko ile ya Osniel."

Alikuwa anakunja nyaya. Aliendelea kukunja.

"Ile siyo ya kupimwa."

"Kwa nini?"

"Unajua Mlafi unavyofanya kazi. Hauna kuonja. Ukitaka kujua betri ina nini ndani, lazima uimalize. Iliyomo mle aliijaza yeye. Nikishaimaliza nitabaki na umeme wa serikali kama watu wengine."

"Na yeye aliijaza kwa umeme upi, wa mbinguni?"

"Usinitanie kwa hilo, Arcadio."

Ningenyamaza. Sikunyamaza. Mimi nina hasira za karibu, na siku zile zote za hospitali zilikuwa zimenijaa. Nikamwambia kwamba miaka mitatu analala kwenye jasho lake huku betri imejaa chini ya kitanda, imevalishwa taulo kama mtoto mchanga. Nikamwambia kwamba mwanawe yuko hai, anakula nyama Montevideo, wala hayumo ndani ya lile boksi. Nikamwambia kwamba mke wangu hawezi kulala kitandani kwake kwa ajili ya taulo. Hili la mwisho nililisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mwanamke yeyote.

Idelisa alitundika nyaya zake kwenye msumari, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Nilikwenda kwangu nikakaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini sikurudi kuomba radhi, kwa sababu betri nilikuwa bado naitaka.

Asubuhi ilipofika aligonga mlango. Alikuwa amevaa koti.

"Lete mashine ya Hortensia," akasema. "Nijue inakula kiasi gani."

Tuliiwasha uani kwake kwa betri ndogo na inveta, kile kiboksi kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, akapitisha waya kwenye kipimo chake, akasubiri itulie. Ampea kumi na tatu.

"Mkeo anapumua kwa kumi na tatu," akasema. "Basi Mlafi nao utakula kumi na tatu. Haya, njoo tuibebe."

Tuliitoa chini ya kitanda wawili. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Alilifunua taulo, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kiti ambacho hakuna mtu angekikalia. Nilimshauri tuijaze kwanza, ndivyo afanyavyo kwa kila mtu: jaza, pumzisha, maliza, hesabu.

"Tutaijaza baadaye. Kwanza nataka kujua ameniachia nini."

Alifunga nyaya. Nene mbili kwenye ncha za waya za betri. Nyembamba mbili, hizo hizo anazotuhubiria, nazo akazibana kwenye ncha za waya, mbali na vichwa.

"Ya Wilber uliiwekea kichwani," nikasema.

"Kuna tepu."

"Si uitoe?"

"Imeandikwa usiguse. Hujui kusoma?"

Sikubishana. Nilikuwa nimeshapata nilichokuja kutafuta. Akaandika kwenye kompyuta: kumi na tatu, na ikifika volti kumi na mbili, acha. Kompyuta na feni zilikuwa zinaendeshwa na betri ileile ndogo pembeni, maana umeme ulikuwa umekwenda tangu alfajiri. Kidole kikabaki juu ya kitufe.

"Bonyeza wewe," akaniambia.

"Mikono yangu ina grisi."

"Umestaafu miaka kumi na moja. Grisi ya wapi?"

Akabonyeza mwenyewe. Feni zikaanza. Baada ya dakika chache upepo uliokuwa unatoka kwenye mapezi ya alumini ukawa wa uvuguvugu, na Idelisa akavuta kigoda, akaweka viganja vyake viwili mbele ya ule upepo.

"Ndiyo hii," akasema. "Hii hapa ni yake."

Niligeuka nikatazama mtungi wa maji. Kuna mambo ambayo jirani hapaswi kuyaangalia.

Dakika ya kumi na moja Mlafi ulinyamaza. Kwenye kioo yalitokea maneno ambayo Osniel aliyaweka kwenye programu zamani, akiwa bado anaishi nasi, na ambayo hutokea kila kipimo kikiisha: *Imekwisha, Mama. Ichomoe.*

Dakika kumi na moja. Mstari ulikuwa umeteremka moja kwa moja, na mwisho ukaanguka.

"Nimeiua," Idelisa akasema. "Nimeitunza mpaka nimeiua."

Hakuondoa mikono mbele ya feni, ingawa upepo ulikuwa umekwisha. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumfikiria yeye. Nilimfikiria Hortensia kwenye kile chumba cha wanaokoroma, na ngazi za hospitali ambazo ningezipanda alasiri ile bila karatasi. Kwa hasira nikaikamata betri niitoe machoni pake. Mkono wa kulia ulishika pembe. Wa kushoto ulishika tepu, nikauondoa haraka nikitukana.

"Nini?"

"Inaunguza."

"Betri haiwezi kuunguza kwa dakika kumi na moja."

"Siyo betri. Ni hapa kwenye tepu. Kichwa cha kushoto. Shika mwenyewe."

Akashika. Mtu aliyefanya kazi karakana anajua maana ya joto la mahali pamoja. Behewa likichemka bearingi moja husemi treni imekufa. Unatafuta kilicholegea. Tulitazamana, wazee wawili, na nadhani tulifikiri neno lilelile kwa wakati mmoja.

"Lazima uitoe," nikasema polepole.

Alikwenda kuchukua wembe. Alikata tepu ubavuni, mbali na maandishi, akaibandua taratibu bila kuichana, na ile *Mama, usiguse* akaibandika juu ya mfuko wa koti lake, ikakaa hapo kifuani. Najua alitumaini kukuta kitu chini yake. Hata mimi, kwa jinsi alivyokuwa akibandua, nilianza kutumaini. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na kutu ya kijani na boliti. Akaigusa boliti kwa vidole viwili, ikazunguka.

Akaizungusha tena, kwenda na kurudi, kama mtu asiyeamini.

"Hakukaza," akasema.

"Dereva alikuwa anapiga honi. Haraka tu."

"Osniel hana haraka. Tangu ana miaka saba nilimfundisha: ikigoma, ongeza robo ya mzunguko. Hajawahi kuacha boliti, Arcadio. Amewahi kuacha shule, amewahi kuacha mwanamke kanisani. Boliti hajawahi."

Aliisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akaikaza, ilipogoma akaongeza robo. Cha kulia tulikuta kimekazwa sawasawa. Ni hicho kimoja tu, cha mwisho, kilichokuwa kinabana umeme nasi tukaisingizia betri. Nyaya nyembamba akazibana kichwani, mahali pake. Safari hii hakuniambia nibonyeze.

Mlafi ulikula saa tano na dakika kumi. Mstari ulikwenda umenyooka, ukashuka kidogo kidogo, ukaendelea kunyooka. Idelisa alikaa na mikono mbele ya upepo muda wote huo. Nilimletea mihogo na kitunguu saumu, akala kwa mkono mmoja. Mara moja aliniuliza kama nakumbuka Osniel alivyokuwa akijificha ndani ya mtungi uani maji yakiwa yamekauka, nikamwambia nakumbuka, nilimtoa mimi kwa kamba. Mara nyingine alisema, kana kwamba anazungumza na mashine, "Kula polepole." Mlafi ulikuwa umeamriwa kumi na tatu, ukala kumi na tatu.

Yalipotokea yale maneno, *Imekwisha, Mama. Ichomoe*, alikaa bila kuchomoa mpaka alumini ikapoa.

Mimi nilikuwa nahesabu.

"Tano na kumi," nikasema. "Daktari anataka sita."

Akanitazama kama anayeamka.

"Hii ni chaji ya miaka mitatu, wewe mzee. Imelala miaka mitatu, boliti imelegea, na bado imetoa saa tano. Ngoja niijaze ndiyo uniletee hesabu zako."

Umeme ulirudi kesho yake mchana, akaijaza. Siku iliyofuata Mlafi ulikula tena: saa saba na dakika tano. Idelisa akachukua kalamu nyeupe, na chini ya 104 ya mwanawe akaandika tarehe, 92, na herufi zake mwenyewe. Karatasi ya daktari aliiandika kwa mwandiko wa maabara, akaitia sahihi na cheo chake cha zamani. Mwishoni, bila mtu kumuuliza, akaongeza kwamba kipimo kilichukuliwa kwenye vichwa vya betri.

Nilitaka kumwomba radhi kwa yale maneno ya taulo. Nilianza.

"Chukua betri uende," akanikatisha. "Taulo silitoi."

Hortensia alirudi Alhamisi. Alipofika mlangoni alisema nyumba inanuka mwanamume anayeishi peke yake, akakaa kitandani kwake, akashika shuka kwa mikono miwili, akalia kidogo. Nami nililia. Jioni, umeme ulipokatika, mashine iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Idelisa alikuja na kigoda chake akakaa karibu na betri. Alisema amekuja kuisikiliza inveta. Kila siku umeme ukikatika anakuja kuisikiliza.

Jumapili simu ilipigwa tukiwa wote watatu kwetu. Mtandao ulikuwa mbovu. Osniel alisikika kwa vipande: baridi, basi, salamu kwa Hortensia. Halafu, kama kawaida, "Mama, umeijaribu ile..." ikakatika.

Idelisa alishika simu mkononi. Safari hii hakunung'unika. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, akisoma kila neno kwa sauti kama afanyavyo siku zote. Nimeijaribu. Iko kwa Hortensia, inafanya kazi. Boliti ya kushoto hukuikaza.

Akatuma. Kwenye kioo ikaonyesha Osniel anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika, ikaacha tena. Hortensia aliniambia nisimchungulie mwenzangu begani, nami nikaendelea kuchungulia.

Jibu lilipofika Idelisa alianza kulisoma kwa sauti, akashindwa, akanipa simu. Nikamsomea.

*Najua, Mama. Vidole vilikataa kukaza. Niliikumbuka nikiwa kwenye gari kabla hatujakata kona. Nilitaka kurudi, ila nilijua nikigeuka tu nikuone mlangoni, sitaondoka tena. Ndiyo maana nauliza kila Jumapili.*

Idelisa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa. Aliichukua simu kutoka mkononi mwangu. Hakusoma kwa sauti alipokuwa anaandika, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, lakini yalikuwa maneno mawili na mimi nilikuwa nyuma ya bega lake.

*Nimeikaza, mwanangu.*